Aliyeshika Mwamvuli

Siku ya posa mwali hakai mbele za watu. Zamda alilijua hilo, ndiyo maana tangu wageni walipofika alikuwa chumbani, ameketi juu ya kitanda alichokuwa akilalia marehemu mdogo wake, Zaidi. Kati yake na sebule palikuwa na pazia tu, tena jepesi. Ukisogeza jicho kwenye upenyo wake unamwona kila mtu, na wao hawakuoni.

Nje mvua ilikuwa ikinyunya. Ilikuwa tarehe mosi ya mwezi wa sita, na mwaka mwingine wowote watu wa Chanika pale Handeni wangekuwa wameshaanza kulalamikia vumbi. Lakini masika ya mwaka ule yalikataa kwisha. Yaliwakuta watu wakipanda, yakawakuta wakizika, na sasa yamewakuta wakiposa.

Aliyeketi kwenye kiti kikubwa alikuwa mjomba Isihaka, kaka wa mama yake Zamda. Baba alikufa zamani, Zamda akiwa darasa la pili. Hata angekuwepo, kwa Wazigua mjomba ana neno lake, na neno lenyewe si dogo. Mkekani alikaa mama, Bi Faudhia, amejitanda ushungi mweusi. Arobaini ya Zaidi ilikuwa imesomwa juma lililopita tu. Mama mdogo Hafsa alikuwa akizunguka na birika la chai.

Mgeni alikuwa mmoja, Mzee Kasmiri wa Korogwe, mzee mrefu mwenye fimbo. Yeye na familia ya Mustapha wanaishi ukuta kwa ukuta katika nyumba za zamani za kambi ya mkonge. Yeye Mkatoliki, wale Waislamu, na hakuna aliyewahi kuona ajabu yeye kuwa mshenga wao. Mustapha mwenyewe hakuingia, maana mwenye kuposa haingii. Alibaki ng'ambo ya barabara chini ya bati la duka, akiilinda pikipiki iliyomleta mzee.

"Mimi nimetumwa," alisema Mzee Kasmiri, akaiweka barua juu ya sahani iliyofunikwa kitambaa. "Kule kwetu kuna kijana anapiga picha. Masika haya yote anapanda gari kuja Handeni kupiga picha vyura. Kila Jumamosi vyura, vyura! Nikamwambia, kijana, hata hapa Korogwe wapo, usiku hatulali kwa kelele zao. Akanyamaza. Basi tukakaa kikao, tukagundua kumbe si vyura."

Mama mdogo Hafsa alicheka mpaka birika likayumba.

"Na sisi tulishangaa," alisema mjomba Isihaka, naye akijizuia. "Mtu analala kifudifudi kwenye tope, anamtazama jongoo. Dada yangu alisema nimpeleke hospitali ya Lutindi wakamwangalie akili."

"Nilisema kweli," alijibu mama. "Na mpaka leo sijafuta kauli."

Zamda aliziba mdomo kwa kiganja. Mama alikuwa amefanya mzaha! Tangu siku walipomzika Zaidi mama hakuwa amefungua kinywa ila kujibu salamu. Zamda akaona moyo wake unapanda, unapanda, kama maji kwenye pipa. Alimtaka Mustapha, naam, lakini alimtaka kwa mkono wa mama. Na leo mkono huo alikuwa akiuona unanyooka.

"Kuna na zawadi ya mama," alisema Mzee Kasmiri. "Kijana kaitengeneza mwenyewe pale studio. Amesema apewe yeye, aifungue yeye."

Kilikuwa kitu bapa kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Zamda hakukijua. Mustapha alimwambia tu kwenye simu, "Nina kitu cha mama, atafurahi." Akadhani ni ile picha ya kinyonga kwenye mpapai, au ya mbayuwayu waliojenga chini ya paa la choo.

Mama alifungua taratibu, bila kuichana karatasi. Ikatoka picha kubwa, fremu ya mbao, kioo safi. Akaisogeza usoni, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri.

"Pikipiki ya Zaidi," alisema.

"Isihaka, tazama. Ile pale ukutani. Na koti lake kalitundika kwenye usukani, lile nililomkataza asilitundike kwenye mvua. Jamani mwanangu." Akaweka kiganja juu ya kioo, pale pale penye pikipiki, akawa anapapasa. "Nani kamwambia huyu kijana kwamba sina picha ya karibuni?"

Mjomba aligeuza uso. Mama mdogo Hafsa akapiga magoti mkekani nyuma ya dada yake ili naye aone, machozi yakimtoka. Akaitazama picha kutoka chini kwenda juu: pikipiki, ukuta, dirisha, bati. Machozi yakakatika ghafla.

"Dada," alisema. "Huyu aliyekaa juu ya bati ni nani?"

Na Zamda, nyuma ya pazia, akajua ni picha gani.

*

Mustapha na Zamda walikutana kwa sababu ya chura. Mustapha alikuja kupiga picha arusi ya jirani, mvua ikaizoa arusi, watu wakakimbilia kila baraza. Yeye alikimbilia kwao Zamda, akamkuta binti ameshika fagio anamtoa chura kwenye pipa la maji.

"Usimpige!" alisema. "Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Anaogelea kwenye maji ya kunywa."

"Hebu mtazame macho. Watu wanalipa kwenda mbugani, na mnyama yupo kwenye pipa lako."

Akamwonyesha picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Yale macho yalikuwa ya dhahabu. Zamda alikuwa ameishi na vyura miaka ishirini na mitatu, hakuwahi kujua kwamba wana dhahabu machoni. Alimtazama yule kijana, na yule kijana hakuwa akitazama picha tena.

Masika hukata arusi, na studio hukauka. Basi Mustapha akawa anakuja. Akapiga kumbikumbi wakitoka ardhini. Akapiga konokono kwenye ndoo, popo wa kwenye mwembe wa msikitini, na fungo aliyenusa jalala la soko saa moja asubuhi. Zaidi, aliyekuwa hapitwi na utani, akampa jina. "Shemeji Vyura," alimwita kabla mtu yeyote hajatamka neno shemeji. "Shemeji, chooni kuna panya, njoo umpige pasipoti!"

Kitu kimoja tu Mustapha alikitafuta majuma matatu hakukipata, nacho ni yule bundi aliyelia nyuma ya ghala la mahindi. Kule kambini walikolelewa akina Mustapha, bundi alikuwa ndege wa ghalani, mla panya, wasimamizi walikataza asirushiwe hata jiwe. Hakuna aliyemfundisha mengine.

Jumamosi ile, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nne, mvua ilipiga toka adhuhuri. Mbingu zikawa nyeusi saa kumi na moja ya jioni. Maji yakajaa kwenye tundu la mti alimolala bundi, yakamtoa. Kunguru wakamfukuza mpaka juu ya nyumba ya kina Zamda, kwenye kofia ya bati pale paa linapokutana. Akatua. Akafungua mabawa yote mawili kuyakung'uta maji, kama mtu anayekung'uta kanga.

Mama alikuwa jiko la ndani. Zaidi alikuwa amelala. Wao wawili walikuwa nyuma ya jiko la nje.

Mustapha alimtazama Zamda kwa uso ambao Zamda hakuwahi kumwona nao mwanamume yeyote, uso wa mtoto aliyepewa kitu alichokililia. Akaweka kidole mdomoni. "Usimtishe," alinong'ona. "Dakika moja tu."

Na Zamda alijua. Bibi yake alimfundisha, na mama, na kila mtu wa nyumba ile. Anayemwona bundi juu ya nyumba ya watu hupiga sufuria, humrushia kijinga cha moto, humtukana, na wenye nyumba huambiwa saa ile ile. Wakishaambiwa, hakuna aendaye safari siku tatu. Alipokuwa mdogo aliwahi kukaa hivyo kwa shangazi, siku tatu ndani, wakila makande mpaka wakayachukia.

Alijua. Akaufungua mwamvuli aliokuwa ameuchukua chumbani, akaushika juu ya kamera, mgongo wake mwenyewe ukilowa, bega lake kwenye bega la Mustapha. Ile dakika ilikuwa ndiyo tamu kuliko zote alizowahi kupewa.

Baadaye alitaka kusema. Aliingia ndani na neno mdomoni. Lakini mama angeuliza, "Ulikuwa wapi ukamwona?" Naye angejibu nini? Nilikuwa nyuma ya jiko, mimi na mwanamume, chini ya mwamvuli mmoja? Akalimeza neno. Akasema moyoni, ni ndege tu, Mustapha amesema ni ndege tu.

Jumatatu asubuhi Zaidi alimpakia kwenye pikipiki yake abiria wa kwenda Mkata. Kwenye kona, barabara ikiwa na tope, pikipiki iliteleza mbele ya lori.

*

"Kijana aitwe," alisema mjomba Isihaka.

Mustapha alivuka barabara mbio, akavua viatu mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mabega yameshalowa. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akaona picha mapajani mwa mama. Akaona machozi kwenye mashavu yake. Akadhani amefaulu.

"Umeipenda, mama?" aliuliza, akitabasamu.

Zamda alifumba macho.

"Huyu ni nani?" mjomba aliuliza, kidole kwenye kioo.

"Bundi, mzee. Nilimtafuta majuma matatu. Nilitaka niilete ile ya kinyonga, lakini nikaona pikipiki ya marehemu imo, nikasema mama ataipenda hii."

"Tarehe hii hapa chini nani kaiandika?"

"Mashine ya studio. Ndivyo picha zetu zinavyotoka."

"Kumi na mbili. Jumamosi. Ulimwona Jumamosi juu ya nyumba hii, na watu wamo ndani."

"Ndiyo, mzee."

"Ukafanya nini?"

Mustapha akatazama huku na huku. Tabasamu lilikuwa bado usoni, halina pa kwenda. "Nikapiga picha."

"Hukupiga kelele."

"Kelele za nini, mzee?"

"Hukubisha hodi ukasema, jamani, juu ya bati lenu kuna mgeni."

"Mzee Isihaka," aliingilia Mzee Kasmiri, "huyu ni mtoto wa kambini. Kule kwetu bundi anakula panya. Hakuna anayemfikiria vingine. Ni kosa la kutojua, si la moyo."

"Kule kwenu," alisema mjomba. "Hapa si ghala la katani. Hapa alikuwa amelala mtu, na Jumatatu tukamzika." Akamgeukia Mustapha. "Ulikuwa na nani?"

Jicho la Mustapha lilikwenda kwenye pazia, likakaa pale, na Zamda akaliona likimtazama moja kwa moja kana kwamba kitambaa hakipo. Halafu likaondoka.

"Peke yangu."

"Mvua ile? Ilinyesha mpaka daraja likazama. Kamera hukuifunika?"

"Niliifunika na mfuko wa nailoni."

"Peke yako."

"Peke yangu, mzee. Hakuna mwingine aliyeona."

Mjomba alisimama. Alikuwa mtu mpole, fundi cherehani, sauti yake kwa kawaida haivuki kizingiti. Sasa ilivuka. Dirishani vichwa vya majirani vilikuwa vimeanza kukusanyika chini ya miavuli.

"Basi sikilizeni. Mtu anamsubiri ndege yule majuma matatu. Anajua atatua lini. Anajua atatua nyumba gani. Anakaa na mtambo wake tayari, anamhesabia saa. Halafu baada ya kuzika anatuletea sura yake ndani ya kioo, kwa karatasi ya maua, atutundikie ukutani! Huyo hampigi picha bundi. Huyo anamleta."

"Usilitoe neno hilo," alisema Mzee Kasmiri, akiinuka kwa fimbo. "Mzee Isihaka, nakuomba. Hilo likivuka dirisha hapa, saa kumi limefika Korogwe. Nani atamwita tena kwenye arusi yake? Nani atamruhusu apite uani kwake? Neno hilo linaua mtu!"

"Mtu alikwisha kufa!"

Dirishani mtu mmoja alisema, "Mimi nilikuwa namwona kila siku anazunguka nyuma ya nyumba," na mwingine akasema, "Nilisema mimi, nilisema."

Mustapha alikuwa amesimama bila viatu katikati ya sebule, mikono inaning'inia. Angeweza kusema. Neno moja tu, jina moja, na nusu ya mzigo ingemtoka. Hakulisema.

Zamda alisikia miguu yake ikigusa sakafu kabla hajaamua kusimama. Alilishika pazia. Alijua kwamba akilifungua, hatalifunga tena.

Akalifungua.

"Zamda! Rudi ndani!" mama mdogo Hafsa alisema. "Leo siku yako, hutoki!"

"Hakuwa peke yake," alisema Zamda. "Mwamvuli nilishika mimi."

"Zamda, usiseme," alisema Mustapha.

"Nilikuwa naye nyuma ya jiko. Nilimwona bundi wakati ule ule alipomwona yeye. Yeye hakujua maana yake. Mimi nilijua." Akamtazama mjomba. "Hakuna mtu aliyemleta, mjomba. Kunguru walimleta. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Mjomba Isihaka akaketi polepole.

Ni mama aliyeuliza. Hakupaza sauti. "Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni. Unachambua mchicha."

"Na mdogo wako?"

"Amelala."

"Jumamosi," alisema mama. Akakunja kidole. "Jumapili." Akakunja cha pili. "Jumatatu." Akakiangalia kidole cha tatu kwa muda mrefu. "Siku tatu tu, Zamda. Sisemi ndege alimuua. Mungu ndiye mwenye roho zake, na mimi sijui ya ndege. Lakini ungeniambia, ningemzuia. Ningemficha ufunguo. Ningelala mlangoni anivuke. Angenuna, angenitukania mvua na umaskini, abiria wake angechukuliwa na mwingine, na ile Jumatatu ingepita. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ungeuliza nilikuwa na nani."

Mama aliitika kwa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Mjomba alinyoosha mkono aichukue barua, amrudishie Mzee Kasmiri. Barua ikirudishwa, posa imekataliwa. Kila mtu anajua. Mama akamshika kiganja.

"Iache. Imepokelewa."

"Dada?"

"Anamtaka, si anamtaka? Aliona haya kwa ajili yake mpaka tukafika hapa. Basi nimempa. Mzee Kasmiri, mchukueni. Sitaki mahari, sitaki arusi, sitaki siku nyingine. Aondoke na hiyo pikipiki iliyowaleta."

"Mama, si hivyo," alisema Zamda, akapiga magoti. "Sikutaka hivyo."

"Ndicho ulichokitaka. Mimi nimekupunguzia njia tu."

Akainuka, akaiegemeza picha ukutani taratibu asiivunje, akatoka kwenda jikoni nje, mvua ikimpiga kichwani.

*

Zamda aliwafuata wageni mpaka barabarani, barua aliyoitwaa sahanini ikiwa chini ya kanga yake. Majirani walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika. Mzee Kasmiri alikwenda kusimama mbali kidogo akijifanya anakagua tairi.

"Twende," alisema Mustapha. Alikuwa akilia waziwazi, maji ya machoni na ya mvua hayatofautiani. "Umesikia mwenyewe, ametoa. Mama yangu atakupokea leo hii. Tutarudi kuomba radhi, tutarudi hata mara kumi. Twende, Zamda."

"Amenitoa kama mtu anavyotoa maji machafu, Mustapha."

"Ni uchungu. Uchungu hupoa."

"Ukipoa atakuwa na nani ndani? Zaidi hayupo. Na mimi nikiondoka leo, jioni atakula na ukuta."

Mustapha alimshika vidole, mbele za watu wote, na Zamda hakuvitoa. "Kwa nini ulisema? Nilikuwa nimekwisha kulibeba. Ningehama hata mji, ningekwenda Arusha, nani ananijua? Ungenifuata baadaye."

"Nikufuate na uongo wako mgongoni? Kila siku nikikutazama nione mtu aliyeitwa mchawi kwa ajili yangu?"

"Na sasa ukinitazama unaona nini?"

Alimtazama. Alitaka kusema kitu kizuri, maana alistahili. Aliyatazama yale macho aliyoyapenda, yaliyomfundisha kuona dhahabu kwenye macho ya chura, na ndani ya macho yale akaliona bati la nyumba yao likimeremeta kwa mvua, na chini ya bati mtu amelala.

"Namwona Zaidi," alisema.

Mustapha aliachia vidole vyake kimoja kimoja.

"Mimi sikujua, Zamda. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana wewe utalala. Utakosa usingizi mwezi, miwili, halafu utalala. Mimi ndiye niliyejua."

"Na mapenzi yetu?"

"Yapo," alisema Zamda. "Ndiyo yaliyoninyamazisha."

Akaitoa barua chini ya kanga, kavu bado, akaenda nayo kwa Mzee Kasmiri, akapiga goti na kumpa kwa mikono miwili. Haijapata kuonekana Chanika mwali akarudisha barua ya posa kwa mkono wake. Yule mzee akaipokea, akaiweka ndani ya kofia yake isilowe, akapanda pikipiki nyuma ya Mustapha kwa shida.

Mustapha hakuwasha mara moja. Alikaa ameshika usukani, mgongo kwa Zamda, akingoja. Zamda aliutazama ule mgongo, lile shati jeupe lililogandamana na mabega. Hatimaye pikipiki iliwaka, ikashika njia ya Korogwe.

*

Mama alikuwa jikoni nje, ameketi kwenye kibao, anapepea moto usiotaka kuwaka. Kuni zote zilikuwa mbichi. Hakugeuka.

"Hujaondoka?"

"Sijaondoka."

"Nimekupa ruhusa."

"Nimeirudisha barua, mama."

Mama aliendelea kupepea. Moshi ulijaa jiko zima, ukatafuta mlango. Zamda hakujua kama akae au asimame. Alitaka kuomba radhi, lakini kila neno la radhi alilolijua lilikuwa dogo, kama sahani ya mtoto. Akaokota ungo wa mihogo na kisu, akaketi sakafuni karibu na mlango, akaanza kumenya.

Walikaa hivyo mpaka moto ukashika. Mama akaweka sufuria. Halafu, mgongo ukiwa bado kwa mwanawe, akauliza:

"Alilala vipi?"

Zamda alishusha kisu. "Nani, mama?"

"Mdogo wako. Jumamosi ile. Mimi nilikuwa na mchicha wangu, sikuingia kumtazama. Wewe ulipita chumbani ukienda kuchukua mwamvuli. Alilala vipi?"

"Ubavu. Amegeukia ukuta."

"Alijifunika?"

"Shuka mpaka kiunoni. Miguu nje. Soksi moja hakuivua."

"Ipi?"

"Ya kushoto."

Mama aliitika kwa kichwa. "Alikuwa akikoroma?"

"Kidogo. Halafu nilipofungua kabati akasema, 'Funga mlango, mbu wanaingia.' Nikamwambia mbu wote wa Handeni wameshakujua. Akacheka macho yamefumbwa. Akasema, 'Waambie wapange foleni.'"

Mabega ya mama yalitikisika. Zamda hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio, na huenda mama naye hakujua.

"Halafu?"

"Halafu nikachukua mwamvuli. Nikafunga mlango."

"Ulifunga vizuri?"

"Vizuri, mama."

Mihogo ilianza kuchemka. Mvua ikaongezeka juu ya makuti ya jiko. Mama alijifuta uso kwa ncha ya ushungi, akageuza kibao, akamkabili mwanawe kwa mara ya kwanza tangu alipotoka sebuleni. Macho yake yalikuwa mekundu, hayana msamaha ndani yake, wala hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Rudia," alisema. "Anzia ulipofungua mlango. Usiruke kitu."

Na Zamda akaanza tena.